Shaba Iliyomo Ndani ya Fedha

Kiswahili kimeipa fedha hadhi ambayo madini mengine hayakuipata. Mtu aliye na noti za karatasi mfukoni husemwa kuwa ana fedha. Waziri wa Fedha husoma makadirio ya matumizi ya serikali Bungeni pasi na kipande cha madini mkononi mwake, na hata zile pesa zitumwazo kwa simu, zisizo na uzito wala umbo, huitwa kwa jina la kile kitu kizito, cheupe, ambacho sonara hukifua kikawa bangili. Ama shaba, hiyo haikubahatika. Shaba ni madini mekundu yachimbwayo Katanga, mkoa ambao kwa miaka mingi hadi 1997 uliitwa Shaba. Shaba ni waya wa umeme. Shaba ni sinia la manjano la kupakulia pilau, ni dele la muuza kahawa, ni upatu unaogongwa ngomani, ni nishani ya mshindi wa tatu. Jina moja limekwezwa hadi likawa thamani yenyewe. Jina la pili limeachwa lifunike vitu vitatu au vinne ambavyo mfua madini hawezi kuvichanganya hata akifumba macho.

Jambo hili lingekuwa la kuwafurahisha wanaisimu tu, lau si kwamba watu hununua na kuuza kwa kutegemea majina. Kwa mwanamke wa pwani, bangili, vikuku, vipini na mitali ya miguuni havikuwa mapambo peke yake. Vilikuwa akiba yake mwenyewe, mali ambayo mume wala shemeji hakuwa na haki nayo, ya kuuzwa siku ya njaa, ya ugonjwa au ya talaka. Kwa hivyo swali la iwapo kikuku ni cha fedha au cha shaba iliyopakwa fedha juu si swali la uzuri. Ni swali la iwapo akiba ipo au haipo. Na muuzaji anapoulizwa, "Hii ni fedha?", kuitikia "ndiyo" humgharimu pumzi tu.

Yafaa kwanza shaba itenganishwe na jamaa zake. Shaba safi ni nyekundu na laini. Ikitiwa zinki, aghalabu baina ya asilimia 30 na 40, hugeuka manjano na kuwa ngumu zaidi. Hii ndiyo shaba ya masinia na madele, na ndiyo inayokusudiwa zaidi katika insha hii. Ikitiwa bati, hupatikana ile ya kengele na sanamu, ambayo Waingereza wameipa jina lake la pekee. Ikitiwa nikeli pamoja na zinki, wekundu wote hutoweka, na hapo huzuka kitu cheupe king'aacho ambacho mtu asiyejua ataapa kuwa ni fedha. Hicho kitarejelewa baadaye, maana ndicho chenye visa. Wapo wanaotofautisha jamaa hawa kwa rangi, wakisema shaba nyekundu, shaba njano, shaba nyeupe, lakini majina hayo hayajatulia: shaba nyeupe ya huyu ndiyo shaba njano ya yule.

Mkenya asiyewahi kuingia dukani kwa sonara ameyafahamu madini haya kupitia michezo. Wilson Kiprugut aliiletea Kenya nishani yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 1964, katika mbio za mita 800, nayo ilikuwa ya shaba. Miaka minne baadaye, Mexico, katika mbio zizo hizo, alitwaa ya fedha. Basi palikuwa na Mkenya mmoja, aliyefariki mwaka 2022, ambaye shingo yake iliijua tofauti ya madini haya kwa kuyavaa. Mashabiki huihesabu tofauti hiyo kwa nafasi: ya tatu, ya pili. Mizani huihesabu vingine. Tokyo ilipoandaa michezo tena, ile ya 2020 iliyofanyika 2021, nishani zote zilikuwa na umbo moja na kipenyo kimoja cha milimita 85. Hata hivyo ya fedha ilikuwa na uzito wa gramu 550 hivi, na ya shaba gramu 450. Gramu hizo mia zilitoka wapi ikiwa ukubwa ni mmoja? Zilitoka katika asili ya madini yenyewe. Mchemraba wa fedha wenye upana wa sentimita moja kila upande una gramu 10.5, wa shaba yenye zinki una gramu 8.4 hadi 8.8, kutegemea wingi wa zinki.

Nishani hizo za Tokyo zina mzaha mwingine unaostahili kutajwa. Ile ya shaba ilikuwa na asilimia 95 ya shaba safi na 5 ya zinki. Kwa Kiingereza iliitwa kwa jina la mchanganyiko wa bati, ilhali bati halikuwamo. Kiswahili, kwa ule ule uvivu wake wa kuita kila kitu shaba, kikawa kimesema kweli. Na zile za dhahabu walizorudi nazo Eliud Kipchoge na Faith Kipyegon je? Kila moja ilikuwa na gramu 556 hivi, na katika hizo ni gramu sita na ushei tu zilizokuwa dhahabu. Zilizosalia zilikuwa fedha tupu. Mshindi wa kwanza na wa pili walivaa fedha. Aliyevaa kitu tofauti ni yule wa tatu peke yake.

Uzito ni tofauti moja. Nyingine ni joto. Fedha hupitisha joto na umeme kuliko madini mengine yote, na shaba safi huifuata kwa karibu sana, ndiyo maana nyaya za umeme ni za shaba: sifa ni karibu zile zile, bei haikaribiani kamwe. Lakini shaba ikiisha kutiwa zinki hubadilika tabia. Shaba ya sinia hupitisha joto takriban robo tu ya lile linalopitishwa na fedha. Kijiko cha fedha kikiachwa ndani ya chai iliyotoka motoni huchoma vidole mara moja; cha shaba ya manjano humpa mtu nafasi ya kukoroga sukari. Muuza kahawa wa Mombasa atembeaye na dele lake juu ya jiko la makaa hana haja yoyote ya kuionea fedha wivu.

Ila ya fedha ni ulaini. Kikuku cha fedha safi kabisa, kikivaliwa na mtu wa kazi, hupinda na kukwaruzika kabla mwaka haujaisha, na nakshi zake hufutika kama maandishi ya chaki. Dawa ya ulaini huo ni shaba. Fedha inayogongwa muhuri wa 925 ina sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na zilizobaki aghalabu ni shaba. Masonara wa pwani na wa Uarabuni katika karne ya 19 hawakupata shida ya kupima mchanganyiko, kwani uliwajia tayari: walikuwa wakiyeyusha reale, zile sarafu kubwa zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, zilizoendelea kupigwa zikiwa na mwaka wa kifo chake, 1780, hata baada ya yeye kuoza kaburini. Reale moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 ni fedha. Hesabu ni nyepesi. Ndani ya kila reale mna shaba ya karibu gramu 4.7. Mwanamke aliyevaa mitali iliyofuliwa kwa reale 20 alibeba miguuni zaidi ya gramu 90 za shaba, wala hakuna aliyemwita sonara mwizi, kwa kuwa kila mtu sokoni aliijua sarafu hiyo na kiasi chake.

Ufuo huu, kwa hakika, ulipiga sarafu zake wenyewe kabla ya malkia huyo kuzaliwa. Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984, wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha. Kilwa ilijulikana kwa sarafu zake za shaba. Mwanafunzi wa ushairi atafurahi kusikia kwamba sarafu hizo zilikuwa na vina: jina la mtawala upande mmoja lililandana, kwa silabi za mwisho, na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yote kwa Kiarabu. Waliozipiga walizipa fedha na shaba utungo wa namna moja.

Lakini undugu wa madini haya hauonekani vyema katika sarafu kama unavyoonekana katika lehemu, na hapa ndipo penye jambo ambalo vitabu vya kemia hulipitia kwa haraka mno. Fedha huyeyuka kwenye digrii 962 za Selsiasi. Shaba safi huyeyuka kwenye 1,085. Mtu angetarajia kwamba ukizichanganya, mchanganyiko utayeyuka mahali fulani katikati. Sivyo. Sehemu 72 za fedha zikitiwa sehemu 28 za shaba, mchanganyiko huyeyuka kwenye digrii 780 hivi, chini kabisa ya madini yote mawili. Kila moja humlegeza mwenzake. Sonara ambaye hakwenda shule hata siku moja ameijua siri hii tangu ujanani kwa sababu kazi yake haiwezekani bila hiyo. Anapotaka kuunga ncha mbili za bangili, hawezi kuziunga kwa fedha ile ile, kwani siku lehemu itakapoyeyuka, bangili nayo itayeyuka na kumwagika kaaoni. Anahitaji kitu kinachofanana na fedha kwa rangi, kinachoshika kama fedha, lakini kinachotangulia kuyeyuka. Basi huchukua fedha, huitia shaba ya manjano kidogo ndani ya kalibu, huivuvia moto, huimimina, huifua hadi ikawa bamba jembamba kama ganda la kitunguu, kisha hulikata vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Zinki iliyomo ndani ya shaba hiyo hukishusha kiwango cha kuyeyuka zaidi. Kipande kimoja huwekwa penye ufa, pakatiwa unga wa boraksi, moto ukapulizwa. Na ghafla, kwa kupepesa jicho, kipande hicho hung'aa, hukimbia ndani ya ufa na kupotea. Kazi hii ina hatari yake. Zinki huanza kuchemka kwenye digrii 907, na moshi mweupe unaotoka kalibuni si wa kuvutwa na mtu anayependa mapafu yake; ndiyo maana kazi hii haifai kufanyiwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Kwa hiyo kikuku cha fedha, hata kile bora kabisa cha arusi, kimeungwa kwa shaba ya sinia. Anayeidharau shaba mbele ya sonara humchekesha.

Madini haya yanapozeeka, kila moja hukonga kwa njia yake. Fedha haishindwi na hewa wala maji. Adui yake ni salfa, ambayo imo katika mayai, vitunguu, moshi na hata jasho. Salfa huifunika fedha kwa utando mweusi ambao si kutu ya kuila ndani bali ni vazi la juu. Shaba hushikwa na unyevu na chumvi, na kwa hivyo katika miji kama Lamu na Mombasa, ambako upepo wenyewe una ladha ya bahari, hupata kutu ya kijani. Akina mama hawakungoja maabara. Sinia la shaba husuguliwa kwa ukwaju au ndimu na majivu, kwa kuwa asidi ya tunda huyeyusha kutu hiyo. Ndimu hiyo hiyo ikisuguliwa juu ya weusi wa fedha haifui dafu. Fedha hupenda njia ya upole zaidi: huwekwa ndani ya sufuria ya alumini, ikamwagiwa maji ya moto yenye magadi ya kuokea mikate, nayo salfa huihama fedha ikaifuata alumini. Baada ya michezo ya Paris ya 2024, wanariadha kadhaa walilalamika kwamba nishani zao za shaba zilikuwa zikibabuka na kupoteza rangi baada ya muda mfupi, na kiwanda cha sarafu cha Ufaransa kikaahidi kuzibadilisha. Mama wa Lamu angewauliza kama walijaribu ukwaju, ingawa yamkini usingewafaa.

Ikiwa kuna mahali ambapo shaba imepewa heshima isiyo na ubishi, ni katika siwa ya Lamu. Siwa hii, iliyohifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu pamoja na ile ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu, ilipulizwa katika arusi na sherehe nyingine za watu wenye jina, na kutawazwa kulikokosa siwa kulikuwa na kasoro. Waswahili wa enzi hizo walikuwa na fedha. Mbona hawakuipa siwa yao madini ya thamani zaidi? Watu hukimbilia kujibu kwamba shaba ina sauti nzuri, na jibu hilo ni nusu ya ukweli. Katika pembe inayopulizwa, kinacholia ni hewa iliyofungwa ndani, na umbo la tundu lina nguvu kuliko madini yanayolizunguka. Ushahidi ni kwamba ya pembe za ndovu nayo ililia. Shaba ilichaguliwa kwa sifa nyingine. Iliyochanganywa hutiririka vizuri ndani ya kalibu ya udongo baada ya nta kuyeyushwa ikatoka, hujaza nakshi zote, na ikipoa husimama imara bila kupinda mikononi mwa mpulizaji. Siwa ya fedha ya urefu ule ingekuwa nzito zaidi na laini zaidi. Upatu ni habari nyingine. Huko kinacholia ni madini yenyewe yanayotikisika, na shaba safi iliyolainishwa motoni, ikigongwa, hutoa mlio mfupi wa kukata tamaa. Ni ile iliyochanganywa na kufuliwa ikawa ngumu inayoweza kuita watu kutoka mtaa wa pili.

Sasa kile kitu cheupe. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wajerumani, wakiiga kazi ya Wachina, walitengeneza mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, aghalabu kwa sehemu 60, 20 na 20, wakaupa jina la fedha. Ulimwengu mzima ukauita fedha ya Kijerumani. Ndani yake hamna fedha hata chembe. Ndio ulio chini ya vijiko na uma zilizopigwa herufi EPNS, ambazo katika nyumba nyingi huhifadhiwa kabatini zikingoja wageni. Juu yake mna utando mwembamba wa fedha, na siku utando huo ukilika, kilichobaki ni shaba iliyojificha. Si kitu kibaya. Ni kigumu, hakishiki kutu upesi, na kwa kijiko cha kila siku pengine ni bora kuliko fedha. Ubaya wake ni jina. Lugha inapokubali kukiita fedha, humpa muuzaji asiye mwaminifu ushahidi wa kamusi, na anayeumia si mtalii aliyenunua pete ya ukumbusho, ambaye ataisahau sandukuni. Ni yule aliyeweka akiba.

Wanafunzi wa Kiswahili wamekwisha kuunda istilahi za tarakilishi na za isimu kwa mamia. Istilahi za aloi, yaani madini yaliyochanganywa, zinangoja, na wenye kuzijua hawako vyuoni. Wako mbele ya fuawe, na idadi yao hupungua kila mzee anapozikwa bila mwanafunzi.

Vipimo navyo vipo, japo kila kimoja kina mwanya wake. Sumaku haisaidii hapa: fedha haivutwi, shaba nayo haivutwi, na sumaku hufichua chuma tu. Kipande cha barafu kikiwekwa juu ya fedha huyeyuka upesi kuliko juu ya shaba ya zinki au ya nikeli, lakini shaba nyekundu iliyopakwa fedha itakipita kipimo hicho bila taabu. Tindikali hujibu kwa uhakika, ila huacha alama, na hakuna mwenye mali apendaye kuona mali yake ikitiwa kovu. Kilichobaki ni maji. Bibi mzee akimletea kijana sonara kikuku akamwambia, "Mwanangu, nipimie hiki, nina shida nacho," kijana mwenye adabu hajibu papo hapo.

"Keti kwanza, bibi," husema. "Umekipata wapi?"

"Nilipewa siku ya arusi yangu. Niliambiwa ni fedha."

Kijana hukipima kikavu. Tuseme kina gramu 60, na si cha uwazi ndani, maana hewa iliyofungwa huharibu hesabu yote. Kisha hukifunga kwa uzi, akakining'iniza kwenye mizani hadi kizame chote ndani ya bilauri ya maji bila kugusa kitako. Maji humpokea kila mtu mzigo kwa kadiri ya ukubwa wa mwili wake, si kwa kadiri ya jina lake. Fedha ya 925 itaonyesha gramu 54.2. Fedha ya Kijerumani, shaba ya manjano, na hata shaba nyekundu iliyopakwa fedha zitaonyesha 53 hivi. Tofauti ni gramu moja hivi, uzito wa kipande cha karatasi, na bibi huinama kuutazama mshale wa mizani ukitafuta mahali pa kutulia.